Mtetezi Aliyekataa Pilau

Ipo siku moja ambayo bado naikumbuka, mwanangu, siku pikapu ilipoegeshwa mlangoni kwa halati yangu Mariamu hapa Koboko, kumhamishia asikotaka kwenda. Nakusimulia kwa sababu Jumatatu unaanza kazi ya kuwatetea wazee na walemavu, na naona umeshanunua viatu vipya.

Nilikuwa msichana. Halati, dada wa mama yangu, alikuwa amepooza upande mmoja, na maneno yalimtoka taratibu, moja moja. Mimi ndiye niliyemwogesha na kumlisha, na pia nilimjibia. Mtu akimjulia hali, nilishamaliza kujibu kabla hajafungua mdomo. Mwanawe Juma aliishi Arua. Alimpenda mama yake, usidhani vinginevyo. Alikuwa amemwandalia chumba chenye sakafu ya vigae, karibu na hospitali. Ukoo mzima uliafiki. Halati hakuulizwa, maana kila mtu alijiona anajua jibu lake.

Kumbe alikuwa amemtuma jirani kimyakimya amwitie mtetezi. Akaja Mama Rejina wa Ediofe, mjane mwenye ukali kidogo, kutoka kikundi ambacho hakikuwa cha serikali, wala cha hospitali, wala cha ndugu. Tulikuwa tumepika pilau. Unajua kwetu Wanubi mgeni hakatai chakula. Yeye alikataa mbele ya wazee, na Juma akakunja uso.

"Mimi nitakula kesho," alimwambia. "Leo kama nakula nyama yako, mimi iko mgeni yako. Na mimi nimekuja kwa mama."

Akatuomba sote tutoke. Mimi nikabaki, nikidai kwamba bila mimi hataelewa kitu. Akaketi mkekani, akamuuliza halati anataka nini, nami nikaanza kujibu. Mama Rejina hakupandisha sauti.

"Mtoto yangu, wewe unajua yeye sana. Ndiyo maana unasikia wewe mwenyewe, hapana yeye."

Nilitoka nikiwa nimeudhika hasa. Wao walikaa mle ndani hadi adhana ya alasiri.

Walipomaliza, halati alitolewa kwa kiti, na Mama Rejina akasema mbele ya ukoo yale aliyoambiwa: kwamba halati anabaki kwake, kwamba anajua anaweza kuanguka, na kwamba anaomba nguzo za kushikia njiani kwenda chooni. Juma akamuuliza kama yeye angemwacha mama yake hivyo. Mama Rejina akakiri kwamba angekuwa yeye, angekwenda Arua kwenye vigae. Lakini hakuulizwa yeye, akasema.

Ndipo Juma akamgeukia mama yake, akamuuliza mwenyewe, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza tangu augue. Tulingoja. Niliuma midomo nisimjibie.

"Hapa iko kwangu," halati alisema. Akapumzika kidogo, akanitazama. "Na huyu... arudi shule."

Hilo sikulitarajia kabisa, mimi niliyeacha shule ili nimtunze. Nilikuwa nimelala chumba kimoja naye muda wote ule, na sikuwahi kumpa nafasi ya kuniambia. Pikapu ilirudi Arua tupu. Juma alileta fundi wa nguzo, halati akaishi kwake mpaka mwisho, akihudumiwa na jirani kwa zamu na binamu zangu. Aliwahi kuanguka, ndiyo. Mimi nilirudi shule.

Basi mwanangu, ukifika kwenye nyumba ya watu, usiwe mgeni wa mwenye nguvu. Mwulize mwenye shida, kisha nyamaza, hata kama jibu linachelewa hadi unaona aibu. Sema alichosema yeye, hata kama kichwani mwako unaona amekosea. Na mtu anayempenda mno usimchukie. Mtoe tu nje kidogo.

Mwenyezi Mungu akupe subira na masikio. Na siku wewe mwenyewe utakapobebwa kwa kiti mbele ya watu, akuletee atakayekuuliza wewe kwanza.