Jembe la Afisa Ustawi

Bibi yangu alikuwa na tabia ya kumshukuru mtu mpaka mtu mwenyewe anaona haya. Ukimletea chumvi kidogo tu, atakupigia makofi ya taratibu, atakuombea kwa Mungu, atawaombea na kuku wako. Kwa hiyo siku ile afisa ustawi wa jamii alipomkabidhi jembe jipya pale mlangoni, nilishangaa kuona bibi kanyamaza. Alilipokea kwa mikono miwili, akaliangalia, akamwangalia yule kijana, halafu akaniangalia mimi. Akaingia nalo ndani bila kusema neno.

Tulikuwa tunakaa Nyantakara, bibi, mimi na wadogo zangu. Mama alishafariki, na baba alikwenda machimboni akapotelea huko huko. Afisa huyo ndiye aliyepangiwa kaya yetu. Alikuwa kijana, mgeni, kwao ni huko mashariki ambako ndizi wanazijua za kuiva tu. Alikuwa na pikipiki ya ofisi na roho nzuri. Wadogo zangu aliwarudisha shule. Mimi niliyeishia kidato cha pili alinitafutia nafasi kwenye chuo cha ushonaji Biharamulo mjini, ikabaki kusubiri muhula uanze tu.

Jamani, nilikuwa silali kwa furaha. Nilishapanga kila kitu. Nikimaliza nafungua kibanda Lusahunga, pale malori ya Rwanda na Burundi yanapopumzika, nashona mapazia ya malori. Yale yenye vishada vinavyocheza dereva akipita kwenye shimo. Hata rangi nilishachagua.

Jembe alilileta kwa sababu alimkuta bibi analima mihogo kwa jembe lililolika mpaka likabaki kama mwiko. Moyo ukamuuma, akaenda dukani, akanunua kwa hela yake. Hakuna aliyemtuma. Angenunua sukari au sabuni, nisingekuwa na la kusimulia.

Kesho yake baba mdogo akaja kutoka Nyamigogo, amevaa koti. Koti la baba mdogo lilikuwa linatoka sandukuni kwa harusi na misiba tu, nikamuuliza nani amekufa. Akacheka. Akasema vizuri, nimeanza adabu za kike, najifanya sijui. Halafu akamwambia bibi kwamba mkwe mwenye pikipiki ni baraka, hata kama ukoo wake haujulikani.

Nilidhani ananitania. Bibi ndiye aliyenikalisha chini akanieleza. Sisi asili yetu ni Ngara, upande wa mpakani, na bibi alihama na mila zake zote kama alivyohama na vyungu vyake. Kwake yeye, kijana asiye ndugu akileta jembe jipya kwenye nyumba yenye msichana, akalikabidhi mwenyewe na msichana akiwepo, huyo ameposa. Jembe ni badala ya mikono ya binti anayeondoka: unachukua mikono, unaacha mikono. Na mwenye nyumba hashukuru, maana binti si kitu cha kushukuriwa. Anapokea tu na kunyamaza, na kunyamaza kwake ndiyo kukubali.

Nilihisi kama nimemwagiwa maji ya kisimani mgongoni. Niseme ukweli, yule afisa nilimpenda, lakini nilimpenda kama unavyompenda mwalimu anayekumbuka jina lako. Mume sikuwahi kumfikiria. Nikamuuliza bibi, na chuo je? Akanijibu kwa upole kabisa, huku ananitengeneza khanga begani, kwamba hayo sasa ni maamuzi ya mume wangu.

Nikataka kumpigia afisa simu. Namba yake ilikuwa kwenye simu ya bibi, na simu ya bibi baba mdogo alishaitia mfukoni mwa koti.

Afisa aliporudi kututembelea kama kawaida yake, aliwakuta wazee wamekaa kwenye vigoda uani, kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, katikati na mirija imechomekwa. Nilimwona anavyofurahi, nikaumia. Siku nyingi alikuwa anahimiza ukoo ukae pamoja uzungumzie hawa watoto, akajua sasa wamemsikia. Akaamkia shikamoo mmoja mmoja, akakaribishwa, na kwa sababu alifundishwa asidharau vya watu, akainama akavuta mrija. Wazee wakapiga makofi.

Baba mdogo akakohoa, akamuuliza kwa heshima ng'ombe wamtegemee lini. Afisa naye, kwa heshima hiyo hiyo, akajibu kwamba suala la mifugo liko kwenye mpango, wavumilie mpaka mwaka ujao. Wazee wakatikisa vichwa kukubali. Mmoja akasema huyu kijana anaongea kama mtu mzima.

Sikuweza tena. Nilikuwa nimesimama mlangoni na sahani za wageni.

"Afisa," nikasema, "wanasema umeniposa."

Sijawahi kuona uso wa mtu unabadilika vile. Aliuachia mrija, akasimama, akakaa, akasimama tena. Mwishowe akasema, "Wazee wangu, nisameheni. Mimi siwezi. Huyu ni mteja wangu."

"Mteja," baba mdogo akasema. "Umemuuzia nini?"

Watu wakacheka, lakini hakikuwa kicheko cha furaha. Afisa aliwasha pikipiki akaondoka, na kabla vumbi halijatulia nikaanza kusikia mambo ambayo sikuyategemea katika maisha yangu. Kwamba mtu haleti jembe bure. Kwamba lazima alishanigusa, sasa anakimbia. Wanawake niliokuwa nachota nao maji waliniangalia tumboni.

Yeye mwenyewe ndiye aliyekwenda kwa mkubwa wake akaeleza yote. Ndivyo alivyotuambia huyo mkubwa alipokuja na gari la ofisi, mama mtu mzima, mzaliwa wa huku huku Kagera. Alikaa mkekani karibu na bibi, akamwamkia, akauliza habari za wajukuu na za shamba, ndipo akaingia kwenye kilichomleta.

Akasema kazi yao ina mipaka. Mhudumu hampi zawadi ya mfukoni mwake mtu anayemhudumia, wala hapokei, wala hawezi kuwa mchumba wake au mkwe kwenye nyumba hiyo, hata akiwa na nia njema.

"Mwenye shida hawezi kumwambia hapana mtu anayemshika mkono," akasema. "Ndiyo maana sisi tunajikataza wenyewe."

Maneno yale yaliniingia. Nikajiuliza, hivi kweli angekuwa ameniposa, ningesema nini? Nafasi ya chuo imetoka kwake. Daftari za wadogo zangu zimetoka kwake. Nikaona ningenyamaza, kama bibi alivyonyamaza na jembe mkononi. Nikaogopa kweli kweli, tena nikamwogopa mtu ambaye hakunifanyia ubaya wowote.

Basi yule mama akasema jembe inabidi lirudi. Atalichukua yeye mwenyewe.

Bibi akamtazama kama mtu aliyetukanwa nyumbani kwake. "Jembe likirudi kwa aliyelileta, mtoto huyu ameachwa kabla hajaolewa. Nani atakanyaga hapa tena?"

Yule mama alikuwa amekuja kuondoa kosa, kumbe kuliondoa ni kunivunja mimi. Likibaki, mimi ni mchumba wa mtu na chuo hakuna. Likirudi, mimi ni makombo. Yule mama akamwomba bibi ruhusa aniulize mimi.

"Binti, wewe unataka nini?"

Hakuna aliyekuwa ameniuliza, hata yule afisa na wema wake wote. Nikasema nataka kwenda Biharamulo nikajifunze kushona, nije nishone mapazia ya malori.

"Anataka kuyavisha malori," baba mdogo akasema, "na yeye mwenyewe khanga ni ya bibi yake."

Bibi hakucheka. Alikuwa ananiangalia. Akasema njia ipo moja, na haipendi: binti mwenyewe akatae. Alitoe jembe ndani kwa mikono yake, aseme mbele za watu kwamba hamtaki mwenye nalo. "Watasema ana jeuri," akasema. "Lakini mwenye jeuri bado anaposwa."

Nikaingia ndani. Bibi alikuwa ameliegemeza kichwani pa kitanda chake, bado lina karatasi ya dukani. Nilipotoka nalo, uani majirani walishajaa. Nikasema, "Nimemkataa."

Sauti yangu ilinishtua mwenyewe. Nilikuwa namkataa mtu ambaye hakuwahi kunitaka, kosa lake ni kwamba alimhurumia bibi yangu. Na mimi nilimsema hivyo mbele ya kijiji kizima.

Yule mama alilipokea akaliweka garini. Ndipo akaniambia nafasi yangu ya chuo ipo pale pale, na kwamba kaya yetu sasa itakuwa na afisa mwingine, mwanamke. Yule kijana hatakuja tena.

Hilo sikulitarajia kabisa. "Hata kuaga?"

"Hata kuaga, binti yangu. Akija, watasema amerudi kubembeleza."

Siku ya kuondoka bibi alinifungia viazi vitamu kwenye jani la mgomba. Akanishika uso kwa viganja vyake vigumu, akaniambia nimemkataa mwenyewe mchana kweupe, nisije nikamlilia njiani watu wakaona.

Nilijitahidi mpaka Nyakanazi. Baada ya hapo nililia nyuma ya bodaboda, machozi yanakauka kwa upepo na mengine yanakuja. Tulipofika Lusahunga, malori yamejipanga na mapazia yake, dereva akasimamisha pikipiki, akageuka akaniuliza kama nimefiwa.

Nikamwambia hapana, naenda chuo.