Mipapai Nyuma ya Jiko

Mzee wangu, baba wa wanangu, alirudi na papai moja kutoka Ruaha Mbuyuni, alikokwenda kununua vitunguu. Tulilikata nusu kwa nusu, yake na yangu, kama tulivyozoea. Mbegu nikazifikicha kwa majivu mpaka ute ukatoka, nikazianika kivulini kwenye ungo. Akanicheka.

"Mama, huku kwetu baridi. Papai linataka joto."

"Wewe ngoja tu," nikamwambia.

Hakungoja. Mbegu zilipoota tulikuwa tumeshamzika.

Miche mitatu ilipona kwenye makopo. Nikaipanda nje, nyuma ya jiko, karibu kabisa na ukuta ambao mafiga yako upande wake wa ndani, ili moto uipashe. Mimi shule niliachia darasa la tatu, lakini majina sisahau: ya wanangu, ya wajukuu, hata ya ng'ombe wa baba yangu. Basi na miche nikaipa majina. Mmoja la binti yangu aliye Mbeya, mmoja la kaka yake, na ule ulionyooka kuliko yote nikaupa la mzee. Kila asubuhi nikawa naiita, maana ndani hakuna wa kumwita.

Baridi ya Julai ikaua ule wa kijana wangu. Siku hiyo nikampigia simu.

"Mama, kuna nini?"

"Hakuna. Umekula?"

Mpapai wa mzee ukawa wa kwanza kuchanua. Maua yakaning'inia kwenye vikonyo virefu, na jirani yangu akayaona akiwa bado getini.

"Kamwene, bibi! Huo ni dume. Kata, unakula mbolea bure."

"Na wako wa nyumbani anayekula bure, mbona hujamkata?"

Akacheka mpaka akashika ukuta. Kisha akasema, "Basi ugongomelee msumari kwenye shina. Dume ukiumia, unaona aibu, unazaa." Huku kwetu wengi hufanya hivyo. Jioni akaniletea msumari wa nchi nne.

Nilitoka nao, na jiwe mkononi. Nikauweka kwenye shina, pale panapolingana na kifua changu. Nikaliita lile jina, kama kila siku. Mkono wenye jiwe ukakataa kunyanyuka. Msumari nikaurudisha ndani, nikauweka dirishani.

Mwaka uliofuata nikawa nawasha moto mapema, chai ya mtu mmoja kwa kuni za watu sita, ili ukuta usipoe. Mpapai wa binti nao ukachanua, ukabeba matatu. Jirani akasema bila lile dume yangepukutika yote. Hakuutaja msumari, nami sikuutaja.

La kwanza lilipoiva nikalikata nusu kwa nusu. Nikala yangu. Ile nyingine nikaifunika kwa sahani, kama nilivyokuwa nikimfunikia akichelewa shamba, nikakaa mlangoni. Mkono ndio uliozoea. Giza lilipoingia nikaifunua, nikatoa mbegu zake, nikafuata majivu.