Uvimbe wa Karaman na Kichwa cha Daktari

Jua la asubuhi linaingia zizini na Dafina Hadzhieva ameshakamua nusu ya kundi. Anamshika kondoo mguu wa nyuma, anamvuta, anakamua, anamwachia. Mlangoni amelala Karaman, mbwa mweusi aliyeota mvi mdomoni. Ubavuni ana uvimbe mkubwa kama kiazi.

"Mwangalie mzee huyo," anasema Dafina bila kuacha kukamua. "Kanitoa machozi ya bure, na hata aibu haoni."

Dafina, 63, ni mjane katika kijiji cha milima ya Rodopi, kusini mwa Bulgaria. Anaishi kwa kondoo tisini hivi na jibini anayouza sokoni. Kila kiangazi hulipandisha kundi malishoni, na kwa miaka kumi na mmoja Karaman ndiye aliyewafukuza mbwamwitu. Bila yeye, anasema, asingethubutu kulala kule juu peke yake.

Uvimbe aliuona theluji ilipoyeyuka. Alidhani ni kupe aliyeshiba, akajaribu kumng'oa, Karaman akamtazama tu. Shemeji yake, Vulko, akamtania kwamba mbwa wa umri ule huchimbiwa shimo, hapelekwi hospitali. Lakini uvimbe ulizidi kukua, Dafina akakosa usingizi, na Vulko huyohuyo ndiye aliyewapeleka mjini kwa gari lake.

Daktari wa mifugo, Ralitsa, ni binti wa hukohuko aliyekaa Austria miaka mingi. Aliuminyaminya uvimbe, akaudunga sindano, akaingia chumba cha ndani kupima kwa hadubini alichokivuta. Alitoka na simu sikioni, maana ng'ombe wa mtu alikuwa ameshindwa kuzaa.

"Atapona?" Dafina akauliza.

Daktari akatabasamu, akakipeleka kichwa juu na chini.

Kwa watu wa hapa, kichwa kikienda juu na chini ni hapana. Ndiyo ni kukitikisa kulia na kushoto. Ralitsa alikuwa amerudi nyumbani na kichwa cha ugenini.

"Nilimchukia," anasema Dafina. "Nikasema moyoni, huyu ananinyima mbwa wangu huku anacheka." Hakungoja neno la pili. Akamshika Karaman kamba, akaondoka.

Jioni ile mbwa alikula paja la mwanakondoo lililowekwa kwa sikukuu ya Mtakatifu Georgi. Vulko akachimba shimo chini ya mti wa jozi, na safari hii hakutania.

Kesho yake daktari akafika zizini. Dafina akamzibia mlango.

"Umekuja kumdunga ile sindano ya mwisho?"

"Ya mwisho ipi, shangazi? Mbona jana ulikimbia? Ule uvimbe ni mafuta tu, mbwa wakizeeka huota vitu hivyo. Si nilikujibu ndiyo?"

"Ulinijibu hapana. Muulize Vulko, alikuwepo."

Daktari akashika kichwa chake mwenyewe kwa mikono miwili, akakaa juu ya ndoo, akacheka. Dafina akalia kwa sauti mbele ya kondoo wote, kwa furaha. Aliambiwa aupapase uvimbe mara kwa mara. Ukiwa mgumu, ukikua haraka au ukitoka kidonda, amrudishe.

Shimo limefukiwa. Dafina ametandika majani makavu kwenye mkokoteni wa punda, ili Karaman abebwe penye mwinuko mkali.

Je, mzee huyu ataweza kweli kulinda kundi kiangazi kingine?

Dafina anamtazama mbwa wake. Kisha anatikisa kichwa taratibu, kulia na kushoto.