Mama Vumbi na Shimo la Pili

Saa mbili na nusu asubuhi, mtambo wa kuchimba kisima unanguruma nyuma ya zahanati ya mtaa, na mwanamke mmoja mwenye buti za mpira hatulii. Anakwenda kwenye mtambo, anarudi kwenye daftari lake, anakwenda tena. Kofia ameivaa kinyumenyume na wala hajui.

"Mita ngapi?" anauliza.

"Thelathini na mbili, dada. Umeuliza sasa hivi," anajibu mchimbaji bila kumtazama.

Kitambulisho chake cha manispaa kinasema ni mpimaji wa maji ya ardhini. Mtaani wanamwita Mama Vumbi, na hawamwiti hivyo kwa mapenzi.

Jina hilo alilipata miezi minane iliyopita. Alipima kiwanja cha shule, akaweka kigingi, mtambo ukachimba mita tisini. Likatoka vumbi tupu. Lilitanda kwenye nguo zilizoanikwa, likaingia madirishani, na watu waliopanga ndoo tangu alfajiri wakarudi nazo kama zilivyokuja.

Kazi yenyewe, ukimsikiliza, ni nyepesi kueleza. Anapigilia vijiti vya chuma ardhini kwa nyundo, anavuta waya mita mia mbili kila upande, kisha anapitisha umeme. Mwamba mkavu unauzuia. Penye maji unapita kirahisi. Mashine inampa namba, naye anazisoma.

"Siku ile namba zilikuwa nzuri mno. Nilipaswa kushtuka," anasema. "Mimi nikajiona bingwa."

Baada ya aibu ile alirudi kiwanjani peke yake na jembe, akachimba kando ya pale alipotandaza waya. Futi mbili tu chini akakutana na bomba la chuma la zamani, lililokatwa likasahaulika, limelala sambamba na waya wake mwanzo hadi mwisho. Umeme ulikuwa umepita humo.

"Bomba lisilo na tone ndilo lililoniambia kuna maji," anasema. Anaanza kucheka, kisha anaacha.

Yeye mwenyewe anaishi mtaa huuhuu. Mama mkwe wake, anayekaa naye, hupanga foleni saa tatu nzima kila siku kwa ajili ya madumu mawili. Hajawahi kumlaumu, na hilo ndilo linalomuuma.

"Afadhali angenisema, ningepumua. Yeye anachukua dumu, anatoka."

Siku hizi havuti waya kabla ya kukaa na fundi bomba mstaafu wa manispaa, mzee ambaye kichwa chake ndiyo ramani pekee iliyobaki. Kisha anapima mara mbili, waya wa pili ukikatisha wa kwanza, maana bomba hudanganya upande mmoja tu. Hapa nyuma ya zahanati hakuishia mara mbili. Alipima mara sita.

"Mume wangu akaniuliza kama anihamishie kitanda huku."

Ana sababu ya kuhangaika. Manispaa imeshasema: shimo hili nalo likiwa kavu, mtambo unahamia mtaa mwingine, na hapa watasubiri miaka miwili.

Daftari linasema maji yako mita sitini. Mita sitini inafika: vumbi. Sitini na tatu: vumbi. Watu wameanza kunong'ona, na kijana mmoja anajifunika pua kwa mbwembwe.

"Nizime?" anauliza mchimbaji.

"Ongeza chuma kimoja cha kuchimbia, kaka yangu. Kimoja tu."

Mita sitini na nane, mngurumo unabadilika. Vumbi linakuwa zito, linaanguka badala ya kuruka. Kisha mtambo unatema tope, linawarukia wote, aliyejifunika pua akiwa wa kwanza.

Watu wanashangilia. Yeye bado.

"Tope si maji," anasema huku akijifuta macho kwa mkono mchafu. "Pampu ivute mchana na usiku bila kukatika, ndipo nitaamini. Ikikubali, nataka nizunguke na yule mzee mji mzima, tuchore kila bomba lililokufa kabla hajalisahau. Halafu nilale."

Mama mkwe anapenya katikati ya watu akiwa na ndoo. Anainama, anaijaza tope kwa mikono yake, anajitwika.

"Mama, hilo si la kunywa!"

"Najua, mwanangu," anajibu, ameshaanza kutembea. "Nalipitisha mlango kwa mlango, kwa wote waliokuita Vumbi."