Nilifundisha mlango kuitikia hodi, ukamfukuza aliyekuja kumuokoa Mama

Wakuu, salaam.

Haya yamenipata mwenyewe na sijatia chumvi. Aliyeaibika humu ni mimi tu, kwa hiyo sina faida ya kudanganya.

Naishi Lamu, mtaa wa ndani, na Mama yangu. Mama ana kisukari, mimi nina uvivu wa kutoka. Tunaelewana. Wenzangu wa barazani huniita Komeo, kwa vile sibanduki mlangoni.

Sasa, mwezi uliopita ilinibidi nipande boti niende Faza, kisiwa cha pili, nilikozaliwa, kusahihisha cheti cha kuzaliwa. Kimeandikwa mimi ni wa kike.

(Chekeni taratibu, bado mbele kuna mengi.)

Kumwacha Mama peke yake siku nzima kulinitia hofu. Nikafunga security system: kamera juu ya mlango, king'ora ndani, na kitasa cha kubonyeza namba. Nilifunga mwenyewe kwa kutazama video. Form four yangu ilitosha, nikajipongeza.

Ile kamera ina feature moja. Mtu akinena mlangoni, inamjibu kwa sauti uliyoirekodi. Nikakohoa, nikatoa sauti nzito ya mwanamume mwenye misuli nisiyokuwa nayo:

"Karibu! Tupo ndani, ila tuna shughuli. Rudi baadaye."

Mwizi akisikia hivyo, atajua nyumba ina watu. Hesabu yangu yote ilikuwa ya mwizi. Jirani sikumhesabu.

Kwetu mtu hupiga hodi mara tatu. Asipoitikiwa, naye anajua mwenye nyumba hatoki, huingiwa na wasiwasi: atauliza, atachungulia, ataita watu. Lakini akiitikiwa, hufuata alivyoambiwa. Adabu.

Basi asubuhi hiyo niko Faza, kwenye foleni ya ofisi. Nampigia Mama. Hashiki. Napiga tena. Hashiki. Mara ya tatu, hashiki.

Nikafungua app. Kuna video ya nusu saa nyuma: Bi Zena, jirani yetu wa ukuta mmoja, na sahani ya mkate wa sinia. "Hodi!" Na mimi, yaani mlango, nikamwambia tuna shughuli. Akaenda zake.

Nikabonyeza live. Bi Zena huyo, amerudi, sahani ile ile, uso umekunjana.

"Bi Zena! Ni mimi, Shee! Mama hashiki simu, ingia ndani!"

"Si umesema muna shughuli?"

"Ile ilikuwa mashine."

"Na huyu anenao sasa?"

"Ni mimi. Niko Faza."

Akarudi hatua mbili. "Uko Faza, na sauti iko mlangoni? Audhubillahi!" Akaanza kuisomea kamera Ayatul Kursi.

Nikamwacha amalize. Ungefanyaje?

Alipomaliza akanyanyua kidole. "Haya. Kama wewe ni Shee kweli, nani aliyejificha ndani ya pipa kwa kumuogopa bata?"

Simu iko kwenye loudspeaker. Foleni nzima ikageuka.

"Ni mimi, Bi Zena."

"Ulikuwa na miaka mingapi?"

"Ishirini na miwili."

"Ni yeye!" Sahani ikawekwa chini.

Nikaanza kumsomea namba za kitasa. Hana miwani! Akamwita Bwana Famau, aliyekuwa akipita na punda wake wa kubeba mawe ya ujenzi. Ikabidi nimsomee namba yangu ya siri kwa sauti ya kupigia adhana, naye anairudia moja moja, na wazee wa barazani wanamsahihisha.

Mlango ukafunguka. Bwana Famau akageuza uso ukutani, maana ndani kuna mwanamke. Bi Zena akaingia. King'ora kikalia, kwa sababu kwa kihoro nilichokuwa nacho sikukumbuka kukizima. Punda akatoka mbio na mawe yake. Mtaa mzima ukaja.

Mama alikuwa sakafuni bafuni. Ameteleza, mguu umefura. Lakini mguu haukuwa kitu. Alikuwa amejidunga insulini na hajanywa hata chai. Sukari imeshuka, jasho linamtoka, maneno hayashikani. Bi Zena akamnywesha maji ya sukari kijiko kwa kijiko mpaka Mama akamtambua.

Wanaume walioitwa na king'ora wakambeba juu ya kiti hadi hospitali, maana ndia zetu ni vichochoro, gari haipiti. Daktari alisema angechelewa zaidi, ingekuwa habari nyingine.

Niliiacha foleni, nikarudi. Kiserikali mimi bado ni Bi Shee.

Mama aliponiona hospitali hakupandisha sauti. Alisema, "Nilisikia sauti yako mlangoni, nikamshukuru Mungu umerudi. Nikakuita uje, 'Shee, ndoo!' Ukasema muna shughuli."



Sisemi mng'oe system zenu. Bila kamera nisingejua kitu nikiwa Faza, na bila king'ora wale wabebaji wasingefika haraka vile. Kosa ni kuipa mashine kazi ya kuitikia watu. Ile sauti nimeifuta. Mama sasa anavaa kitufe shingoni; akikibonyeza, simu yangu inalia na ya Bi Zena inalia. Namba ya mlango nimebadilisha, na Bi Zena anayo, nimemwandikia kwa tarakimu kubwa kama bango la duka. Ubaya wake ni kwamba siku hizi anaingia tu. Juzi alinikuta na taulo, akasema, "Pita, mimi sikutazami, nimemletea mamako uji."

Kwa hiyo kabla hujateremka kwenye comments kunicheka, nijibu hili: leo ukiwa mbali, nani mtaani kwenu anaweza kuufungua mlango wako na kumnywesha mamako maji ya sukari?

Kama hujui jina lake, weka simu chini ukapige hodi kwake. Kunicheka kutakungoja.