Landrova ya Milimani Kwenye Tope la Chwaka

Haya, nasimulia mwenyewe, maana nshachoka kuisikia habari yangu midomoni mwa watu, tena wakiitia chumvi, kana kwamba bahari iliyoingia ndani ya gari haikuwa na chumvi ya kutosha. Naona haya, sikatai. Lakini zaidi ya haya nna hasira, na hasira zenyewe sijui nimpe nani kwanza, shemeji yangu Nassor au nafsi yangu, kwa sababu mwenye gari ni mie na aliyeshika usukani ni mie.

Gari ni Landrova ya marehemu baba. Ndiyo iliyobeba mawe na chokaa ya kujengea nyumba yetu ya Mbweni, ndiyo iliyotupeleka hospitali na mazikoni na kwenye maharusi ya watu, na baba alipofariki ndugu zangu wakaniachia kwa kuwa mie ndiye mkubwa. Ilikuwa haina neno. Inakwenda polepole, inanguruma, inavuja mafuta kidogo (na nani asiyevuja akifika umri ule?), lakini inafika. Laiti ningeiacha hivyo hivyo.

Sasa huyu Nassor, kaka wa mke wangu, hajapata kumiliki gari maishani mwake, lakini ana simu, na kutwa yumo ndani ya simu anatazama watu wa nchi za mbali wanavyopanda majabali na magari ya zamani waliyoyainua kimo. Akaniganda. Kila akija kwangu anaizunguka Landrova, anaipigapiga bodi, anasikitika, anasema chuma kama hiki kinataka kuinuliwa tu, shemeji, kisha utaniambia. Na mie, badala ya kumuuliza nikishaiinua nipande mlima gani, maana Unguja hii ukitaka kwenda juu sana basi umepanda ngazi za nyumba za Shangani, nikakubali. Tena kwa furaha.

Tukaipeleka gereji ya Mwanakwerekwe. Ikatiwa springi ndefu, shokamzoba mpya, matairi mapana yenye kashata nene za kushika tope, na bomba la kuvutia hewa likapandishwa mpaka juu ya paa ili injini isinywe maji mtoni (mto gani, Mungu ndiye ajuaye). Mbele ikafungwa winchi, mashine ya kujivutia ukikwama, na waya wake wa chuma. Na kwenye vitovu vya magurudumu ya mbele vikawekwa vifungo vipya vya kuzungusha kwa mkono, ambavyo usipovifunga magurudumu yale hayavuti, hata uingize foo wili kutwa nzima. Fundi alitueleza hilo sote wawili, taratibu, na Nassor akawa anatikisa kichwa kama mtu anayesomeshwa alifu kwa ujiti na yeye keshahitimu.

Mama alipotaka kupanda ilibidi tumletee kiti. Mdogo wangu Hamadi akaitazama, akasema, "Kaka, umeiharibu gari ya baba." Nikamwambia ana choyo, tukanuniana. Basi mambo yalikuwa hivyo mpaka ikafika siku ya ndoa ya Zuwena.

Zuwena ni dada yetu, kitindamimba, na ndoa ilikuwa ifungwe Chwaka, ambako ndiko kwao mama, msikitini, baada ya sala ya Alasiri. Na baba akishakuwa hayupo, sisi ndugu wa kiume ndio mawalii wa dada yetu, wenye haki ya kumuozesha, na mkubwa ndiye hutangulizwa. Siku hizi wengi humwachia shekhe aozeshe kwa niaba yao, kwa kuwa wanaogopa kubabaika mbele za watu. Lakini Zuwena aliniita pembeni akaniambia, "Kaka, usimwachie shekhe. Niozeshe mwenyewe, nikusikie kwenye kipaza sauti, nione kama baba yupo." Akalia, na mie nikalia. Akaongeza kwamba nije kwa basi pamoja na mke wangu na watoto, gari ile niiache nyumbani. Hilo la basi nikajitia kutolisikia.

Basi siku yenyewe familia ikatangulia, mie na Nassor tukafuata na Landrova, nimevaa kanzu nyeupe mpya, na njia nzima mpaka Dunga nafanya mazoezi, nasema nakuozesha dada yangu Zuwena kwa mahari mliyokubaliana, na Nassor anajifanya bwana harusi, anajibu nimekubali. Maneno yakanikaa mdomoni vizuri kabisa. Tukafika Chwaka mapema, wala Alasiri haijaadhiniwa, na msikiti tunauona. Hapo ningesimamisha gari, nikashuka, nikatia udhu, leo nisingekuwa na la kusimulia.

Nassor akasema maji yametoka, pwani yote nyeupe, tuteremke kidogo aichukue video gari inavyoingia Chwaka kwa upande wa bahari, maana gari kama hii haikutengenezewa lami. Dakika moja tu, shemeji. Na mie, mtu mzima, walii, nina ndevu zina mvi, nikakata kona nikateremka.

Mwanzo mchanga ulikuwa mgumu, nikajiona bingwa. Mbele huko kulikuwa na wanawake wanavuna mwani wao, na mmoja, Bi Mwajuma, jirani wa huko kwao mama, akatupungia mikono yote miwili akipiga kelele kwamba hapo si pa gari. Nikasema moyoni, huo ni wivu. Nikampigia honi. Honi haijanyamaza vizuri, mchanga ukageuka tope la kijivu na gari ikakaa kitako.

Nikatia foo wili, nikakanyaga mafuta. Magurudumu ya nyuma yakachimba, tope likaruka mpaka juu ya paa, na kila nikikanyaga tunazama. Nikamwambia Nassor afunge winchi. Akashuka na ule waya, akatazama kushoto, akatazama kulia, bahari huku, mchanga huku, mnazi wa karibu uko mbali kuliko urefu wa waya mara nyingi. Nikamuuliza ataifunga wapi, kwa kaa? Na wallahi mkono mmoja ameshika waya, mkono wa pili bado anachukua video. Nilitaka kumtia tope mdomoni.

Bi Mwajuma akaja na gunia lake la mwani kichwani, akatuzunguka, akauliza kama tumekuja kuvua au tumekuja harusini. Kisha akatuambia maji yanarudi. Nikatazama, kweli, yanakuja, hayana haraka wala hayana simile. Msikitini wakaadhini. Nikavua viatu, nikapandisha kanzu, nikaingia chini ya gari na sepetu.

Alasiri wakaisali bila ya mie. Simu ikalia, Hamadi.

"Kaka, watu wote wamekaa. Iache gari, njoo."

"Nakuja sasa hivi. Wasianze."

Mngeniuliza wakati ule kwa nini siondoki, kwenda kwa miguu si mbali, ningewaambia gari ya baba haiwezi kuachwa ife kwa maji ya chumvi. Na kweli nilikuwa na uchungu nayo. Lakini ukweli mwingine ni kwamba ningetokea pale bila ya gari, Hamadi angejua imekwama, na mie sikuwa tayari kumpa Hamadi raha hiyo. Nilichimba kwa hasira. Bi Mwajuma akaniambia mwanangu, nenda kamuozeshe dada yako, chuma hakina roho. Nikamwambia bi mkubwa, niache. Mtu wa makamo ya mama yangu, nikamjibu hivyo.

Maji yakafika kwenye sakafu ya gari. Simu ikalia tena, na Hamadi safari hii alizungumza polepole. Akasema shekhe ana ndoa nyingine kabla ya Magharibi, hawezi kungoja. "Nimekwenda kumuuliza Zuwena. Amesema basi nimuozeshe mie." Nikamfokea asithubutu. Akakata simu. Na kisheria hakuhitaji ruhusa yangu, sote ni baba mmoja mama mmoja, yeye walii kama mie.

Nikaupiga ngumi mlango. Nikapiga magoti kwenye maji, nichimbe kwa mikono mbele ya tairi, na ndipo mkono wangu ukagusa kile kifungo cha katikati ya gurudumu. Kiko wazi. Nikazunguka upande wa pili. Kiko wazi. Muda wote ule magurudumu ya mbele yalikuwa yamepumzika. Nikamtazama Nassor, na yeye akanambia, uso mkavu, "Nlidhani umefunga weye, shemeji."

Hapo ndipo nilipotakiwa nikimbie. Lakini nshajua dawa, nikajiambia jaribio moja tu. Nikavifunga vyote viwili, nikapanda, nikatia gea ya kwanza. Gari ikatetemeka, ikasogea, ikatoka. Ikatoka kwa ulaini, wala haikujitahidi. Nikaifikisha mchanga mgumu nikaizima, nikashuka nikiwa na furaha, ndiyo, furaha, Mungu anisamehe, na kwa kuwa injini imezimwa pwani ikanyamaza, nikasikia kipaza sauti cha msikiti. Sauti ya Hamadi. Anasema nakuozesha dada yangu Zuwena, kwa mahari mliyokubaliana. Hakubabaika hata kidogo. Na bwana harusi akajibu nimekubali, na watu wakaitikia dua.

Nilifika msikitini halua ishagaiwa. Nimesimama chini ya ngazi, kanzu ya kijivu mpaka kifuani, mguu mmoja una mwani, na wakwe wapya wamejaa barazani wanatazama vikombe vyao vya kahawa ili wasinitazame mie. Hamadi alikuja akanishika mkono. Video ya Nassor mnaijua, nasikia imefika mpaka Pemba.

Nikaenda nyumbani kwao mama, alikokuwa Zuwena. Wanawake wakanipisha. Alikuwa amekaa kitandani, amepambwa, mikono ina hina, na nilikuwa nshatayarisha maneno ya kumuomba radhi. Akanitangulia.

"Gari imetoka?"

"Imetoka."

"Alhamdulillahi," akasema, akamgeukia mama amfunge vizuri ukaya wake wa kichwani.

Springi zile nimezitoa, bomba nimeling'oa, winchi nimemtupia Nassor mlangoni kwake aifunge anakojua, na Landrova imerudi kimo chake. Pwani siiteremki tena na gari hata niambiwe kuna dhahabu. Lakini maneno yale ya kuozesha bado yamo mdomoni, nikiendesha yananijia yenyewe, yote, hayajapungua hata moja, na dada mwingine sina, wala siwezi kumuombea huyu nliyenaye aolewe mara ya pili.