Gundi ya tepu kwenye vikombe vya send-off ilivyonipeleka Kibaoni, na swali ambalo mpaka leo sijalijibu

Wakuu, poleni na mihangaiko. Hili jambo nimelikalia muda kwa sababu mwenyewe sijalielewa lote. Nitaliandika lilivyokwenda. Pale nisipojua nitasema sijui.

Nina ofisi ndogo hapa Makanyagio, Mpanda. Naprint fulana, kofia na vikombe.

Kwa asiyeijua kazi ya sublimation: picha inatoka kwenye printa ikiwa kwenye karatasi maalum. Unaifunga hiyo karatasi kwenye kikombe cheupe kwa tepu inayovumilia joto, unaingiza kwenye mashine, wino unahamia kwenye kikombe. Ukibandua karatasi, kazi imekwisha.

Shida ni kwamba tepu wakati mwingine inaacha gundi. Hiyo gundi ndiyo mada.

Mama mmoja wa Kibaoni, nimwite Mama Kabula, aliagiza vikombe vya send-off ya binti yake, ile sherehe ya kumuaga kabla ya harusi. Juu picha ya Kabula anacheka, chini jina na tarehe. Nimeshaprint karatasi zote, akapiga simu kwamba tarehe imesogezwa.

Kutupa karatasi nzima niliona hasara. Nikakata ukanda wa chini wenye tarehe, nikaprint ukanda mwingine, nikaviunganisha kwa tepu palepale juu ya kikombe. Vikatoka safi. Nilikagua kimoja kimoja kwenye mwanga wa dirisha, sikuona kitu.

Nikavipanga kwenye boksi na kulikabidhi gari la abiria. Kimoja nikabaki nacho kama sampuli ya ofisi.

Kesho yake asubuhi simu ikaita. Alikuwa Kabula mwenyewe, anaongea kwa sauti ya chini.

"Fundi, umetuletea nini?"

Nikauliza kama vimevunjika. Akasema bora vingevunjika. Nikaomba anitumie picha, akajibu shangazi yake amekataza visipigwe picha.

Hapo nikaanza kuchanganyikiwa. Mzigo ukiharibika watu hukutumia picha kabla hata hujauliza. Huu unafichwa. Nikatia sampuli yangu kwenye begi, nikapanda gari.

Ni kiangazi, na mnaoijua ile njia mnajua ukishaiacha lami unafika huko ukiwa rangi moja na barabara.

Nyumbani kwao vikombe vilikuwa kwenye kona ya sebule, vimefunikwa kanga. Sebule imejaa watu lakini upande ule hakuna aliyekaa. Mama Kabula akafunua.

Kila kikombe kilikuwa na mstari mwekundu, mwembamba kama uzi, umepita shingoni kwa Kabula, chini kidogo ya kidevu. Vyote. Mahali palepale.

Nikalowesha kidole kwa maji nikasugua. Haukufutika. Uligeuka tope, ukakauka, ukarudi.

Nikatoa sampuli yangu kuwaonyesha kwamba mimi nilifanya kazi safi. Wakuu, sikujua nilichokuwa nafanya.

Shangazi mtu, dada yake baba wa Kabula, alikipokea, akakizungusha, akamgeukia Mama Kabula.

"Umeona, wifi. Kilichobaki Mpanda kizima. Vilivyolala humu ndani ndivyo vina kamba shingoni. Boksi alilipokea nani?"

Wote walijua. Mama Kabula alikuwa sokoni boksi lilipofika. Alilipokea Mama Limi, mke mdogo wa baba yake Kabula, mzee mwenye nyumba. Alikuwa amesimama mlangoni na ungo wa mchele mkononi.

"Nililipokea nikaliweka pale," akasema. "Nyie mlitaka nilitupe?"

"Hatujakuuliza uliliweka wapi. Tunakuuliza ulilala nalo vipi."

"Nililala na kaka yako. Muulize."

Mtu mmoja akacheka, akajikausha. Mzee mwenyewe alikuwa anaangalia viatu vyake.

Kabula akanisogelea na kuninong'oneza kwamba anasubiriwa baba mkubwa tu. Akifika, Mama Limi anafungashiwa vitu vyake kabla ya send-off. Nilipomwangalia yule mama, niliona ungo umeinama na mchele unamwagika kidogo kidogo. Hakuna aliyemwambia.

Mimi nikishindwa kuelewa kitu huwa nauliza tangu mwanzo. Nikauliza boksi lilifikaje. Mama Limi akasema lilikuwa limejaa vumbi, ndani na nje, maana lilikaa nyuma karibu na mlango wa gari. Nikauliza nani alifungua. Kabula akasema yeye, akakifuta kila kikombe kwa kitambaa kikavu, vumbi likatoka, mstari ukabaki.

Nikapitisha kidole gumba kwenye sampuli yangu, pale shingoni. Kwa macho hapakuwa na kitu. Lakini kidole kiligoma kidogo, kama kimegusa chai ya sukari iliyokaukia mezani.

Nikatoka nacho uani. Nikachota vumbi lile jekundu, nikalimwaga juu ya kikombe mbele yao wote, nikapuliza.

Mstari ukatokea. Uleule.

Nikawaeleza. Zile karatasi mbili, ya picha na ya tarehe, ziliacha mwanya mdogo zilipokutana. Tepu ilipita juu ya mwanya huo, ikagusa kikombe, joto likaiyeyusha gundi yake. Gundi ile haina rangi, ndiyo maana sikuiona dirishani. Vumbi la njiani likaikalia.

Nikaomba mafuta ya kula. Unapaka kwenye mstari, unasubiri gundi ilainike, unafuta kwa kitambaa, kisha unaosha kwa maji ya moto na sabuni. Kikombe cha kwanza kikatakata, wanawake wakajifunga kanga kiunoni wakaendelea na vingine. Mama Limi hakuosha. Alirudi jikoni na mchele wake.

Shangazi akachukua kimoja kilichooshwa, akakaa nacho.

"Fundi, gundi nimekubali. Vumbi nimekubali. Sasa niambie, kikombe chote hiki, kwa nini pakawa shingoni?"

"Ndipo karatasi zilipokutana, shangazi."

"Nani alizikutanisha?"

"Mimi."

"Ulikuwa unawaza nini?"

Nikasema sikuwa nawaza kitu. Akakiweka kikombe chini taratibu.

Nimelirudia swali lake mara nyingi. Jibu la kazi ninalo: picha iliishia shingoni, nikakata pale. Lakini nikilisema kwa sauti, hata mimi naona halijamjibu.

Send-off ilifanyika na vikombe viligawiwa. Kabula alinitumia picha za ukumbini. Nilimtafuta Mama Limi kwenye kila picha sikumwona. Nikauliza kama alifukuzwa.

Akanijibu, "Hapana, yupo. Ila siku hizi kila mtu anamsalimia vizuri mno, akiwa mbali."

Ya kazi niliyojifunza ni haya. Kikombe kikague kwa kidole, usiamini macho. Bandua tepu kikiwa bado cha moto, ikipoa ndipo gundi inang'ang'ania. Usiunganishe karatasi katikati ya kazi, tarehe ikibadilika print upya yote. Na wembe usiguse, mimi ulishanichunia picha. Sasa hivi naanza na spirit ya duka la dawa, ikigoma ndiyo naenda kwenye mafuta.

La Mama Limi sina somo. Nilidhani nikishaonyesha lile vumbi mambo yameisha.

Mnaofanya kazi hii, nyie gundi mnaitoa kwa kutumia nini? Na aliyewahi kukaa mbele ya shangazi wa namna ile, aniambie ningemjibuje.